Programu Isiyofunikwa Shuka

Walaal Hodhan, ndugu yangu uliye mbali huko Diff,

Imefika! Disketi yako imefika nzima, haina hata mkwaruzo. Umeizungushia kitambaa, ukaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga ili vumbi lisiione. Dereva wa lori alinikabidhi langoni mwa shule mchana kweupe, wanafunzi wangu wakitazama, akanipa na maneno yako kama ulivyomtuma: "Hodhan nasema hivi, mwambie Mwalimu brogramu yake nafikiri mwaka kesho ni mwaka ya babu yetu." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dereva akadhani nimeletewa habari za harusi.

Kumbe ni kweli, walaal! Mwalimu mzima wa hesabu, nimeandika mwaka kwa tarakimu mbili kama mtu anayebania wino, na sifuri mbili mashine inazisoma 1900. Magazeti ya Nairobi yanapiga kelele kila siku kwamba kompyuta zitapotea njia elfu mbili ikiingia, nami nasoma, natikisa kichwa, nasema hayo ni mambo ya mabenki na ndege. Haikunijia hata kidogo kwamba bei ya beberu wa Kotile nayo ina tarehe. Nimeyatia marekebisho yako kwenye kompyuta, nikaisogeza kalenda yake mbele hadi mwaka kesho, nikabonyeza. Karatasi ya bei za mifugo ikatoka, miji yote imejipanga, mwaka uko sawasawa. Nilipiga kigelegele, na mlinzi akaja mbio na rungu akidhani nimeona nyoka.

Sasa sikiliza. Barua hii siitii kwenye bahasha. Naibandika ukutani kwanza, pale pale penye ubao wa bei, mwenye macho asome, ndipo nakala yake ikujie. Wewe unajua kwa nini mambo ya programu yetu siwezi kukuandikia kwa kunong'ona. Wasiojua watajua wakisoma hadi chini. Nina ombi kwako, zito, na nitaliomba hadharani. Lakini niache kwanza nikumbuke kidogo, maana tangu disketi ifike siwezi hata kukaa kitako.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa sina hata wiki Garissa, mwalimu mpya kutoka Voi, jasho linanitoka mpaka kwenye kope. Niliingia dukani kwako kutafuta uzi mweusi wa kushonea sketi. Mbele ulikuwa unauza vitambaa, nyuma ya pazia ilikuwa taar, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, na sauti yako ilitoka huko kama ya mtu anayezozana: "Wajir, Wajir, sema bole bole!" Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja wa Kotile, ameshika kamba tupu. Mbuzi wake wote alikuwa amewauza asubuhi ile kwa mnunuzi wa kwanza aliyemsimamia, na ndiyo kwanza alikuwa ameisikia redio yako ikisema kwamba Masalani, karibu kabisa na kwao, wiki hiyo wanunuzi walikuwa wanatoa bei nzuri zaidi. Amewatembeza mbuzi njia nzima hiyo, kumbe bei ameiacha nyuma. Hakulia. Aliikunja ile kamba na kuikunjua, basi.

Uliponipa uzi wangu uliniambia, "Huyu mama kila msimu ni hivyo hivyo. Bei iko, Mwalimu, lakini iko kwa mdomo ya watu."

Nikakwambia nina kompyuta. Kuukuu, nimeinunua kwa fundi Nairobi, nimeipakata magotini ndani ya basi, msafara wa polisi mbele na nyuma kwa hofu ya majambazi, kila mtu akiniuliza kama ni televisheni. Ulinitazama kama nimesema nina ndovu. "Nakula nini?" ukauliza. Nikajibu, umeme. "Basi hiyo ni mtoto ya tajiri," ukasema, "lakini lete tuione."

Ee, tulivyohangaika! Mimi naandika programu, wewe unaifumua. Nilikuonyesha ukurasa wa kwanza kwa majivuno, nimeandika "Mbuzi", na mbele yake bei. Ukaweka mkono kiunoni. "Mbuzi gani? Mzee? Jike ya kuzaa? Ile ya kuchinja sikukuu? Hii ni kama umeandika 'mtu'." Nikakujibu kwamba kama unajua sana, basi njoo ukae hapa kwenye kiti. Nawe ukakaa! Hukutoka tena. Baada ya muda ulikuwa unaandika mistari ya BASIC, lugha ya kompyuta, huku unakata kitambaa cha mteja, na mteja akilalamika kwamba umekata kombo, unamwambia aisubiri kompyuta imalize.

Na ubao wetu wa kwanza je? Mungu atusamehe. Tulibandika bei asubuhi, tukatangaza kwamba jioni tutabandika mpya, tukasimama kando kungoja pongezi. Soko zima likasimama! Hakuna aliyeuza ng'ombe hata mmoja, kila mwenye mnyama anangoja karatasi ya jioni labda bei itapanda. Madalali wakaja dukani kwako wamefura, ng'ombe wanalia kwa kiu, mwenye mikokoteni ya maji peke yake ndiye aliyetuombea heri siku hiyo. Tangu hapo tukabandika mara moja tu, alfajiri, bei za jana, na kila mtu akaenda kupatana kivyake.

Nilikusimulia habari za watu wa nchi za mbali wanaoandika programu kisha wanaziachia, maandishi yake ya ndani yakiwa wazi, atakaye anakili, atakaye arekebishe, masharti ni kwamba naye asiifungie mwenzake. Disketi kadhaa za namna hiyo nilipewa na mtu niliyesoma naye chuo. Ulidhani nakutania. "Bure kabisa? Na wanakula nini?" Lakini tulikubaliana na yetu iwe hivyo, kwa sababu ingekuwa yangu mimi, Wajir wangesema ni ya mtu wa Voi, na ingekuwa yako wewe, wangesema ni ya ukoo fulani. Ikiwa ya wote hakuna wa kusema lolote. Tukampelekea Yusuf wa redio ya Wajir nakala moja, na nyingine Komora wa Masalani, na ile nakala mama, ambayo marekebisho yote yanaingizwa humo kwanza, tukaiweka kwenye kisanduku cha bati chini ya meza yako. Sisi wawili ndio tulikuwa walinzi wake.

Halafu Yusuf akaturudishia disketi amejaza ngamia! Safu nzima ya ngamia, wa maziwa na wa mizigo, kazi safi, na sisi hatukumwomba. Wewe ulikasirika. "Ameguza fitu yetu!" Mimi nilikuwa nacheza dukani kama mwendawazimu. Nikakushika mabega, nikakwambia, Hodhan, huoni? Imezaa! Mtu hatujakaa naye hata siku moja ametuletea alichokijenga usiku na mchana, na kesho Komora atakitumia bila kutuuliza. Ukaichukua ile disketi, ukasema, "Hayye. Basi ngamia wake ameandika fibaya kidogo, wacha nirekebishe." Na wewe pia ukaingia kwenye ngoma.

Ndipo ukaanzisha biashara yako, nami nasema tena kwa herufi kubwa ili na wa ukutani wasome: ILIKUWA HALALI. Wafanyabiashara wa mifugo walitaka programu kwenye ofisi zao, wakataka makarani wao wafundishwe, mashine zao zikiharibika zitengenezwe. Nani angefanya hayo? Mimi niliye darasani kutwa? Wewe ukatoa vitambaa upande mmoja wa duka, ukaweka meza, kompyuta yako mwenyewe na printa. Wenye midomo wakaanza: mbona unauza kitu cha bure? Sitasahau ulivyomjibu yule wa kwanza. Punda wa maji alikuwa anapita na mapipa yake kutoka mtoni, ukamnyooshea kidole mwenye punda. "Muulize huyu. Nauza mto? Mto ni ya Mungu. Huyu nauza mgongo ya bunda yake na miguu yake mwenyewe. Kama hutaki, mto ni ile bale, nenda uchote." Yule bwana akaenda zake. Na bila hilo duka lako, walaal, programu ingekufa mapema, maana fedha za wino na karatasi za ubao zilitoka kwako, na makosa mengi tuliyarekebisha kwa sababu wateja wako walikuja kukugombeza.

Lakini kulikuwa na jambo tulilokuwa hatulitazami usoni. Duka lilikuwa kwenye nyumba ya abti yako Guhad, mjomba wako, ndugu wa mama yako, mwenye malori na mnunuzi mkubwa wa ng'ombe sokoni. Ubao wa bei ulikuwa kwenye ukuta wake. Taar ilikuwa yake. Nakala mama ilikuwa chini ya meza yako. Na wewe unauza. Sisi tulijua hakuna hila. Wajir wangejuaje?

Yusuf alianza kwa mzaha redioni, kwamba bei za Garissa siku hizi zinapita kwanza kunywa chai kwa abti. Mzaha ukarudiwa Masalani. Kisha asubuhi moja ukaita, "Wajir, Wajir," na Wajir haikujibu. Tukasema ni betri. Siku iliyofuata haikujibu tena, na Komora naye akasema bei hana. Karatasi yetu ikatoka na mji mmoja tu, Garissa, peke yake juu ya karatasi tupu. Ulibandika hivyo hivyo. Nilikuona ukiisimamia ile karatasi, umeshika ncha ya shali yako mdomoni. Tulikuwa hatujaharibikiwa na mashine wala na umeme. Tulikuwa tumekosa kuaminiwa.

Ukasema, "Waje wote. Waje waseme mbele yangu."

Wakaja siku ya soko, Yusuf na Komora na madalali kadhaa na wafugaji waliotaka kujua mwisho wake, wakajaa kwenye mikeka uani kwako, wewe ukiwapa chai ya maziwa ya ngamia kama hukukasirika. Maneno yakawa makali. Yusuf akasema huwezi kuwa mlinzi na muuzaji. Nikasimama kukutetea, kelele nyingi, hoja kidogo. Na katikati ya hayo, abti Guhad akaingia.

Aliongea vizuri, lazima tumpe haki yake. Alisema mnagombania nini, kompyuta yenyewe inakohoa, mimi nitawapa mpya, na jenereta, na mtu wa kuangalia kazi atalipwa kila mwezi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona hiyo kompyuta mpya machoni, sikudanganyi. Komora akauliza, "Na wewe mzee unataka nini?" Abti akaja mpaka ulipoketi, akakaa, akaishusha shuka yake begani, akaitandaza juu ya mkono wake, akakunyooshea.

Hapa wenzetu wasio wa soko wanielewe. Soko letu bei haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na dalali wanashikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: kimoja kikibanwa, viwili vikikunjwa, na waliosimama karibu wanaona nyuso tu. Nilipofika mara ya kwanza niliwakuta wanaume wameshikana mikono ndani ya nguo huku wanatazama mawinguni, nikadhani wanaombeana dua. Ni adabu ya soko, na kuifunua shuka ya watu wanaopatana ni kama kumvua mtu hadharani. Hakuna aliyewahi kuona ikifunuliwa.

Wewe ukatia mkono. Ni mjomba wako, hakuna ubaya. Tukakutazama usoni. Uso wako haukusema kitu. Kisha ukanyanyua mkono wa pili, ukaishika shuka kwa pembe, ukaivuta.

Wallahi wa nyuma walisimama wapate kuona! Mkono wa abti umebaki wazi, vidole vimekubana kidole, kila mtu anavitazama. Akabaki hivyo, hajui arudishe mkono au aache. "Naa Hodhan," akasema kwa sauti ndogo, "mimi umenivua."

"Abti," ukamwambia, na ulimwambia kwa heshima, nakumbuka ulivyoinamisha kichwa, "kwa ng'ombe tutafunika, mimi na wewe, hata leo jioni. Hii brogramu haina shuka. Unataka nini? Sema kwa mdomo, wote wasikie."

Abti, mzee wa watu, akasema kwa mdomo. Alitaka asomewe bei za miji yote kabla hazijabandikwa. Saa moja tu.

Na unajua kilichonifurahisha? Liliposemwa kwa mdomo, lilikuwa dogo na la kuchekesha. Yusuf akauliza, "Na mimi nikitaka hiyo saa?" Komora akasema, "Mimi nataka saa mbili, kwangu ni mbali." Uani pakacheka, na abti mwenyewe akacheka mwisho, ingawa aliinamisha macho. Aliinuka akaondoka, shuka akaisahau mikononi mwako.

Nilidhani tumeshinda, yameisha. Wewe ndiye uliyesema bado. Uligeuka kwa Yusuf, ukamwambia, "Na wewe umesema kweli. Mimi nauza. Nikiuza siwezi kukaa na nakala mama. Leo nimekataa abti. Siku moja mteja atakuja na maneno tamu kuliko abti, na nitakuwa peke yangu, hakuna mtu wa kuvuta shuka." Kisha ukaingia ndani, ukatoka na kisanduku cha bati, ukakiweka magotini pangu mbele ya watu. Nilikusihi. Nilikwambia unajitoa kwa kosa ambalo hujafanya. Ulinijibu, "Mwalimu, ndio faida ya kutoka sasa."

Basi tukaandika masharti, mafupi, kwenye karatasi ya ubao. Yeyote auze kazi yake apendavyo, kufundisha, kutengeneza, kuchapa. Jina la programu lisipakwe kwenye duka la mtu. Bei zisomwe na wote kwa wakati mmoja. Na mwenye duka asiwe mlinzi wa nakala mama. Ubao tukauhamishia ukuta wa shule. Asubuhi iliyofuata ukaita, "Wajir, Wajir," na Yusuf akajibu kabla hujamaliza, akasoma bei kwa sauti kubwa kama muadhini. Tulikumbatiana tukaangusha kikombe.

Nakuandikia haya kwa furaha na kwa kukukosa, vyote pamoja. Mama yako alipougua Diff ukafunga duka ukaenda, nami nilikufungia tu maandazi kwenye gazeti. Nilidhani programu umeiacha na vitambaa. Kumbe umeondoka na kompyuta yako, unaiwasha kwa betri ya lori, unasoma mistari yangu mmoja mmoja, unanicheka, unairekebisha! Nafurahi, Hodhan. Nafurahi kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko asimojua mtu.

Sasa ombi.

Kuna kampuni moja ya Nairobi imeiona kazi yetu. Wanataka kuwawekea programu wenye masoko ya mifugo sehemu nyingine nyingi, wawauzie mafunzo na matengenezo, na wanataka mimi niwe mtu wao wa kazi hiyo. Niliwasomea masharti yetu kwenye simu, sarafu zikiisha natia nyingine. Maandishi ya ndani yabaki wazi, wakasema sawa. Jina lisiwe lao, wakaguna, wakasema sawa. Na naitaka kazi hiyo, walaal! Sioni haya kusema. Naitaka vibaya. Nimefundisha hesabu miaka hii yote, na sasa mtu ananiambia kile tulichokishona nyuma ya pazia lako kinaweza kumfikia mama mwenye kamba tupu mahali nisipopajua. Nimekosa usingizi kwa kuitamani.

Lakini nikiikubali, mimi ndiye muuzaji. Na kisanduku kiko chini ya meza yangu. Najua nilivyo mwaminifu, na najua pia nilivyoitazama ile kompyuta mpya ya abti wako. Siku moja nitakuwa peke yangu, hakuna mtu wa kuvuta shuka.

Yusuf sasa ana duka lake. Komora ana wateja. Nimewauliza wote wawili redioni, watu wakisikiliza, nani awe mlinzi, na wakataja jina moja, kwa pamoja, mpaka sauti zikagongana. Wewe huna duka. Na disketi yako imenifundisha kitu: nakala mama haina haja ya kukaa Garissa. Inaweza kukaa Diff karibu na kitanda cha mama yako, na malori yakawa njia yake.

Kwa hiyo kisanduku kinakuja, Jumamosi, kwa lori la abti Guhad. Alijitolea mwenyewe. Siku hizi anakuja ukutani alfajiri kama wengine, anasukumana na wachuuzi wa mbuzi, na akikuta karatasi haijatoka ananigombeza kuliko wote. Aliposema atakibeba bure nilitoa nauli, nikamhesabia mkononi. Alikasirika sana. "Mwalimu, unanilipa mimi? Huyu ni mtoto ya dada yangu!" Nikamwambia ndiyo, abti, na risiti nataka. Akaniandikia, ananuna, na nimeibandika hapa pembeni mwa barua.

Ukikataa, sema kwenye taar, wote tusikie. Kisanduku kirudi, na nauli ya kurudi nitalipa mimi. Nitawaambia Nairobi hapana, nitaendelea kukilinda, na sitakununia. Nitakununia kidogo. Ila usikubali kwa ajili yangu. Kubali kama unaitaka, kama nilivyokuona unaitaka siku ile ulipokaa kwenye kiti changu na mkasi mkononi.

Kufuli nimeling'oa, nimelitupa. Abti aliniona nahangaika kutafuta kamba ya kufungia kifuniko, akaniuliza iko wapi shuka yake. Nilikuwa nimeitunza tangu ulipoondoka. Nikadhani anaitaka. Akaichukua, akakifunga kisanduku kwayo yeye mwenyewe, mafundo mawili, akasema, "Mwambie Hodhan, hii nayo ni yake sasa."

Lori likifika, walaal, waite watu kwanza. Kisha uifungue.

Walaashaa, dada yako
wa uzi mweusi, Garissa